Nataka kuchonga upinde wa mkole: kilo ngapi zinatosha, na nikitaka kuwinda sheria ikoje?

FundiBabati

Habari zenu wakuu, natumai wazima. Mimi ni fundi seremala hapa Babati, kazi yangu ni vitanda na milango, ila tangu nikiwa mdogo napenda upinde kuliko kitu kingine chochote na sasa nimeamua nichonge wa kwangu wa maana, sio vile vya fimbo na kamba ya katani tulivyokuwa tunachezea machungani. Nilipata kazi ya kupaua nyumba Mang'ola, kule Karatu jirani na ziwa Eyasi, jioni nikawa nakaa na Wahadzabe wawili watatu nawaangalia wanavyopiga. Aisee wale watu sio wa kawaida. Hawalengi muda mrefu, anavuta anaachia, mshale umeshafika. Nikaomba nivute upinde wa mmoja wao, nikaufikisha nusu tu mikono ikaanza kutetemeka, na mimi nashika randa na msumeno kila siku ya Mungu.

Sasa nimeshapata mti wa mkole, umenyooka vizuri, unene kama kifundo cha mkono na kidogo zaidi, urefu umepita futi sita, mwenye shamba ameniruhusu nikaukata juzi. Maswali yangu ni haya. Nikaushe vipi usipasuke, maana mimi nimezoea mbao zilizoshakauka za dukani. Uzito wa kuvuta nilenge kilo ngapi, mimi nilikuwa nawaza kilo 30 kama zile za Wahadzabe. Kamba nitumie nini kama sina kano za mnyama. Na la mwisho, mkono ukishakuwa mzuri naweza kuingia porini kupiga kanga na sungura au nitakamatwa? Kuna jamaa kaniambia upinde sio bunduki hauhitaji kibali, mwingine kaniambia usithubutu. Naombeni wenye ujuzi mnisaidie.

Mchongaji_Mbulu

Karibu sana mkuu, umeuliza kitu ninachokipenda kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu. Nimekulia Yaeda Chini, sisi ni Wairaqw lakini nimecheza na watoto wa Kihadzabe na nimejifunzia kwao.

Mkole ni mti sahihi. Wao wenyewe upinde wanapenda zaidi mti wanaouita mutateko, lakini mkole na ndugu zake wanawatumia sana hasa kwa mishale kwa sababu ni mgumu halafu unapinda bila kuvunjika haraka. Kwa hiyo mti hapo huna tatizo.

Kukausha sasa. Leo hii kabla hujalala paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili, au nta nyingi kama unayo, maana maji yanatoka nchani haraka kuliko ubavuni na nyufa zinaanzia hapo hapo. Usiuanike juani. Halafu usingoje gogo zima likauke, litachukua miezi na uwezekano wa kupasuka ni mkubwa, chonga lingali bichi mpaka upate umbo la upinde lakini mnene mnene, kisha lifunge kwa kamba kwenye boriti iliyonyooka lisije likajipinda, weka kivulini panapopita upepo. Utajuaje limekauka? Lipime kwenye mzani kila wiki uandike. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Usikisie kwa macho wala kwa kugonga.

Sasa kitu ambacho nyie mafundi mbao kinawapa shida kwa sababu mmezoea kunyoosha kila kitu kwa randa: MGONGO WA UPINDE HAUGUSWI. Chagua ule upande safi usio na mafundo, huo ndio mgongo, yaani upande unaoangalia mbele kwa shabaha. Toa gome tu, basi. Nyuzi za juu kabisa za mti zibaki nzima kutoka ncha moja hadi nyingine maana ndizo zinazobeba mvuto wote, ukizikata kidogo tu ili upinde uonekane umenyooka basi umeshaweka alama ya mahali utakapopasukia. Kazi yote ya kupunguza inafanyika tumboni, upande unaokuangalia wewe. Kama mti una kona ndogo unaifuata kona, huilazimishi.

Urefu: pima mvuto wako, kamba ikiwa kidevuni mpaka mkono ulioshika upinde, wengi wetu ni sentimita 65 hadi 70. Upinde wa mti mtupu uwe mara mbili ya hapo na nyongeza ya sentimita 25 hivi au zaidi, kwa hiyo wewe mwenye mti wa futi sita acha sentimita 175 na usiwe na haraka ya kukata. Upinde mfupi unavutia kuuangalia lakini mti unateseka.

Baada ya hapo ndio kazi yenyewe, kuufundisha kupinda. Toboa ukutani uweke kigingi cha kuegeshea shikio la upinde, tia kamba ndefu iliyolegea, vuta kwenda chini kidogo kidogo huku umesimama mbali unaangalia mikono miwili ya upinde. Panapopinda sana usipaguse. Palipokakamaa chora mkaa, paa na kipande cha chupa au ubapa wa kisu kidogo, kisha vuta tena mara ishirini thelathini kabla hujaangalia matokeo maana mti hausikii papo hapo. Upinde unafundishwa kama maksai wa jembe, ukimtwisha mzigo wa siku ya mwisho siku ya kwanza unamharibu na harekebishiki. Chukua ule mzani wa ndoano wa kupimia magunia uning'inize kwenye kamba, na usiuvute upinde hata mara moja kupita ile kilo unayotaka iwe ya mwisho, hata kama bado haujafika kidevuni. Ukikakamaa mapema, paa, usivute kwa nguvu. Watu wengi wanaharibu hapa, wanavuta mpaka tumbo la upinde linajikunja na halirudi, halafu wanausema mti.

Kilo 30 mkuu hapana. Anza na kilo 15 mpaka 18. Hii sio kukudharau. Yule uliyemuona Mang'ola alipewa kiupinde chake cha kwanza akiwa na miaka mitatu hivi, anapiga panya na ndege wadogo, kila akikua upinde unakua. Sio kwamba siku moja aliamka akachukua wa kilo 30.

Kamba: wao wanatumia kano, na kano za twiga au pofu sio kitu wewe unaweza kuwa nacho kihalali. Nenda kwa fundi viatu nunua ule uzi wa poliesta wa kushonea, pima nguvu ya uzi mmoja, kusanya nyuzi mpaka jumla ifike angalau mara nne ya uzito wa upinde, sokota kwa makundi mawili huku unapaka nta ya nyuki. Kamba ya nailoni achana nayo, inanyumbuka, mshale unatoka bila nguvu. Ukishaitia, kati ya kamba na shikio paingie ngumi yako na dole gumba limesimama, kama sentimita 15 hadi 17. Na ukimaliza kupiga unafungua kamba, upinde usilale umepinda.

Kitu kimoja cha mwisho halafu nanyamaza, usiachie kamba bila mshale. Usimruhusu hata rafiki ajaribu. Nguvu ambayo ingeenda kwenye mshale inarudi yote kwenye mti.

Nyika_Pori

Mkuu Mchongaji nakuheshimu ila hapo kwenye kilo sikubaliani na wewe. Kilo 15 ni upinde wa kupigia embe. Kama mtu anataka kuwinda aanze na uzito wa kuwindia ili mwili uzoee mapema, hawa vijana wa siku hizi tunawadekeza. Mimi kwetu Singida wazee walikuwa na pinde nzito na walikuwa wanapiga vizuri tu hakuna mambo ya kupima na mzani.

Mchongaji_Mbulu

Kaka Nyika nimekuelewa lakini hao wazee uliwaona wakiwa wazee. Hukuwaona wakiwa na miaka saba.

Angalia kinachotokea mtu akichukua upinde uliomzidi. Bega linapanda juu, hawezi kufikisha kamba mahali pamoja kila mara, leo kidevuni kesho kifuani, na anaachia kabla hajawa tayari kwa sababu mikono inaungua. Akizoea hivyo mwaka mmoja inamchukua miaka kuacha. Wa kilo 16 uliolingana vizuri, mshale unaofanana nao, ukipiga hatua ishirini unatoboa gunia lililojaa matambara na unajua mshale umeenda pale kwa sababu wewe umetaka. Akitaka wa pili mzito zaidi atachonga, ni fundi, mti upo. Mimi ningependa achonge pinde nne katika miaka mitatu kuliko mmoja wa sifa.

Jirani_wa_Tsavo

Salamu kutoka Voi ndugu zangu wa TZ. Hii thread imenigusa kwa sababu huku kwetu kuna historia ya pinde ambayo vijana wengi hawaijui na inaenda kupotea.

Wawaata, wale ambao zamani watu waliwaita Waliangulu, waliishi haya mapori ya Tsavo na Galana mpaka kule chini Pwani, na walikuwa wawindaji wa ndovu. Ndovu, kwa upinde wa mti. Pinde zao zilikuwa ndefu na nzito kuliko za makabila mengi ya Afrika, zilizopimwa zilipita ratili 100, yaani kilo 45 na kuendelea, wazungu waliozipima walizilinganisha na pinde za vita za Waingereza wa zamani. Na hawakupiga kutoka mbali. Mtu alikuwa anamnyemelea ndovu upepo ukiwa unamjia usoni, hatua chache kabisa, anapiga ubavuni mshale wenye sumu ya mti wa msunguti. Kigumba, yaani ncha ya chuma, na kijiti chake kifupi vinabaki ndani, wano, yaani mti wa mshale, linadondoka. Ile sumu inashika moyo. Msunguti hauna mchezo na ndio maana kigumba kilichopakwa kilikuwa kinafungwa na ngozi mpaka dakika ya kutumika, ili sumu isikauke na isimguse mwenyewe. Kwa hiyo Fundi kama ulikuwa unawaza mambo ya sumu, acha kabisa, hata mikwaruzo ya kidole inatosha kukumaliza.

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948, na kufika 1956 na 1957 David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza ile operesheni kubwa ya kupambana na ujangili, Wawaata wengi wakafungwa. Mwaka 1960 kukaanzishwa mpango wa Galana, Ian Parker akiwa mmoja wa waliousimamia, nia ikiwa Wawaata wawinde ndovu kwa kibali na wafaidike kihalali, lakini haukuwafikisha mbali. Halafu 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama. Mimi naunga mkono kulinda ndovu, wazi kabisa, nimeona mizoga ya wale waliopigwa na bunduki za AK. Lakini nasikitika kwamba ujuzi wa kuchonga ule upinde ulitupwa pamoja na ujangili. Watu waliweza kulinda ndovu na bado wakawaachia wazee nafasi ya kufundisha vijukuu kuchonga na kupiga shabaha ya gunia. Leo ukitafuta mtu wa kukuonyesha ule upinde ukivutwa mpaka mwisho utazunguka sana.

Kwa upande wa Kenya jibu la kuwinda mnyama ni fupi, hapana, iwe kwa upinde au kwa mtego. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali. Upinde wako piga shabaha nyumbani.

DadaPortsmouth

Shikamooni wakubwa zangu na wadogo habarini. Mimi ni wa Tanga niko Uingereza miaka mingi, na huku napiga upinde wa mbao kwenye klabu, nimeona mmetaja pinde za vita za Waingereza nikaona niongeze maana naishi karibu na zilipo.

Hapa Portsmouth kuna makumbusho ya meli ya kivita inaitwa Mary Rose, ya mfalme Henry wa nane. Ilizama 1545 ikiwa vitani ikakaa chini ya matope mpaka 1982 walipoiinua, na matope yale yalihifadhi vitu ajabu. Walikuta pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya elfu tatu. Ukisimama mbele ya zile pinde unashangaa, mti mmoja tu wa yew, nyingi zinakaribia mita mbili, na nene kiasi kwamba wataalamu mwanzoni walibisha kama mwanadamu angeweza kuzivuta. Makadirio ya sasa ni ratili 100 mpaka 180 hivi. Uzuri wa yew ni kwamba mbao ya nje nyeupe inavumilia kuvutwa na ya ndani yenye rangi inavumilia kubanwa, kwa hiyo walichonga zote mbili zikae pamoja kwenye upinde mmoja, nje mgongoni, ndani tumboni. Ni kile kile alichosema kaka Mchongaji kuhusu mgongo na tumbo, miti tofauti, bara tofauti, kanuni moja.

Sasa kaka Nyika kuhusu uzito, naomba nikuletee hili. Mwaka 1549 kasisi mmoja mashuhuri, Hugh Latimer, alikuwa anahubiri mbele ya mfalme Edward wa sita na akaeleza jinsi baba yake alivyomfundisha upinde utotoni. Alisema alinunuliwa pinde kulingana na umri wake na nguvu zake, na alivyozidi kukua pinde nazo zikawa zinakuwa kubwa. Hao ndio watu wa zile pinde za ratili mia na kitu! Walianzia kwenye ndogo. Hadi mifupa iliyokutwa ndani ya meli inaonyesha mabega yaliyobadilika kwa kazi ya miaka mingi. Mfalme Edward wa tatu tangu 1363 alishaagiza wanaume wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, kwa hiyo ilikuwa maisha, sio miezi mitatu. Mtoto wa Kihadzabe na mtoto wa Kiingereza wa enzi hizo wamefundishwa kwa njia moja na hawakuwahi kuonana.

Na cha kuwashangaza, huku Uingereza ambako kila mtu anajisifia upinde, kuwinda kwa upinde ni kosa. Sheria ya 1981 ya wanyamapori inakataza kuua ndege na wanyama wa porini kwa upinde. Tunachofanya ni kutembea msituni, kumewekwa sanamu za wanyama za povu gumu, paa, nguruwe, dubu, mmoja yuko bondeni mwingine nyuma ya mti, hakuna anayekuambia ni hatua ngapi, unapiga kwa kukadiria. Nawahakikishia ile raha ya kunyemelea ipo, unasoma ardhi, unasoma mwanga, unachagua pa kusimama. Fundi unaweza kutengeneza hii hapo Babati, gunia na matambara tu, na wewe ni seremala hata sanamu ya digidigi utachonga.

MstaafuWaPori

Habari zenu. Nimekuwa askari wa wanyamapori mpaka nikastaafu, kwa hiyo swali la mwisho niachieni mimi.

Kijana, aliyekuambia upinde hauhitaji kibali kwa kuwa sio bunduki amekupoteza vibaya. Kwa Tanzania sheria inayohusika ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Mnyama wa porini ni mali ya umma, kanga wa porini yumo, sungura yumo, kwale yumo. Ukimuua bila leseni umefanya kosa, haijalishi umemuua kwa risasi, mshale, mtego au rungu. Na hata wasipokukuta unawinda, ukikutwa na nyama yake au ngozi yake bila karatasi unashtakiwa kwa kukutwa na nyara za serikali, na hilo ni shtaka zito ambalo nimeona linavunja familia za watu. Sumu kwenye silaha nayo imekatazwa. Na ukiingia na upinde ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali, ule upinde wenyewe ni kosa jingine, hata kama hujapiga kitu, hata kama unasema unapita njia. Wewe uko Babati, Tarangire na Manyara ziko mlangoni kwako, uwe makini unapotembea nao.

Wahadzabe ni habari nyingine. Wao wana ruhusa ya kuwinda kwa ajili ya chakula kwenye maeneo yao kwa sababu ndio maisha yao, na ni haki. Ruhusa hiyo haiendi kwa rafiki yao wala kwa mgeni aliyelipa hela ya kutembezwa. Kama unataka kuwinda kihalali kuna leseni za uwindaji kwa wakazi, nenda ofisi ya wanyamapori au TAWA, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uliza wakuambie mnyama gani, eneo gani, msimu gani, na silaha gani inaruhusiwa kwa mnyama huyo, usisikilize mtu wa kijiweni. Na kama hamu ni ya nyama tu siku hizi kuna mabucha ya nyamapori yenye leseni.

Niongeze kitu ambacho sheria haikuandika. Mshale hauui kama risasi. Risasi ina mshindo, mshale usio na sumu unaua kwa kukata, mnyama anavuja damu, kwa hiyo lazima upite kwenye mapafu au moyo. Ukipiga tumbo au paja mnyama anaondoka na mshale wako anakufa baada ya siku mbili mahali usipopajua. Nimewakuta wengi sana hao, pundamilia anatembea na wano limening'inia ubavuni, inauma kuangalia. Ndio maana wawindaji wa kweli wanasogea karibu mpaka wanasikia mnyama anatafuna. Mwisho wa kiangazi maji yakibaki sehemu chache, Wahadzabe wanajificha usiku kwenye kibanda cha miiba na majani karibu na maji wanangoja. Wanangoja tu. Na mnyama mkubwa akipigwa hawamkimbilii, wanamwacha alale, wanamfuata baadaye kwa nyayo na damu. Mtu asiyeweza kuweka mishale mitano ndani ya kisahani cha chai kwa hatua kumi na tano, kila siku, akiwa amechoka, kwenye kiza kiza cha asubuhi, huyo hata akiwa na leseni kumi asimpige mnyama. Haya ndio maoni yangu na siyabadilishi.

Nyika_Pori

Mzee wangu nimekuelewa, na dada wa Portsmouth pia nimekusoma vizuri. Kwenye kilo nimewaachia. Lakini msiwasahau Wasandawe wa kule Chemba, wale nao ni watu wa upinde wa tangu enzi, kila siku watu wanawataja Wahadzabe tu kwa sababu watalii wanakwenda huko.

Mchongaji_Mbulu

Kweli kabisa kaka, Wasandawe wanastahili thread yao. Kama una mzee unayemjua kule mpigie umuulize walikuwa wanatumia mti gani, utatusaidia wengi.

FundiBabati

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya muda. Nimesoma kila neno na nimewasomea hadi vijana wangu wa karakana. Kuwinda nimekuweka pembeni kabisa, mzee mstaafu nashukuru sana, ningeingia matatizoni bila kujua.

Upinde umekamilika. Nilifuata maelekezo, rangi nchani, nikauchonga mbichi nikaufunga kwenye boriti, mzani ulipoacha kushuka nikaanza kuufundisha. Jamani ile kazi ya kupaa na kuvuta na kuangalia, nimechonga milango mingi maishani lakini hakuna kazi ya mbao iliyonitaka utulivu kama hii. Kuna kikona kwenye mkono wa chini nimekiacha kama kilivyo. Una sentimita 174, unavuta kilo 17 kamba ikiwa kidevuni, na ukifungua kamba unarudi karibu wote, umebaki na mpindo kidogo tu. Kamba ni ya fundi viatu. Nyuma ya shamba nimeweka gunia na nyuma yake kuna tuta la udongo ili mshale ukipita usiende kwa majirani.

Shida iko kwenye mishale. Nimechonga ya mkole pia, nimeinyoosha kwenye moto, vigumba nimetumia misumari niliyoiponda. Mimi ni wa mkono wa kulia. Hatua kumi inaenda kushoto, hatua ishirini inaenda kushoto zaidi, na inapiga kelele kwenye upinde kama inaugonga. Nimebadilisha jinsi ya kusimama, nimebadilisha jicho, wapi. Ni mimi au ni mshale?

Mchongaji_Mbulu

Hongera sana sana mkuu!! Mpindo kidogo ni kawaida, hakuna upinde wa mti usiobaki na kumbukumbu.

Hapo kushoto ni mshale, ni mkakamavu kuliko upinde wako. Elewa hivi, mshale hautoki umenyooka. Ukiachia kamba unajipinda ukazunguka ubavu wa upinde, unajipinda tena upande wa pili, ndio unatulia na kwenda ulikoelekezwa. Ukiwa mgumu sana kwa uzito wa upinde haujipindi vya kutosha, kwa hiyo unaugonga upinde na unasukumwa kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Ukiwa laini sana unaenda kulia. Mawano uliyochonga nadhani uliyaiga ya Wahadzabe, na yale ni ya pinde za kilo 30, lazima yakakamae kwako.

Usianze kuchonga mapya. Chukua mmoja, upae na msasa katikati, sio nchani, zunguka pande zote sawa ubaki mviringo, upige, uangalie. Ukisogea kulia kidogo uko njiani, endelea kidogo kidogo mpaka uache kugonga. Njia nyingine ni kuweka kigumba kizito zaidi mbele, kinafanya wano lijipinde zaidi, au kuacha wano refu zaidi. Ila usipae ukaufanya mwepesi mno, kwa upinde wako wa kilo 17 mshale mzima usiwe chini ya gramu 25, ukiwa mwepesi sana ni karibu sawa na kuachia kamba tupu na nimeshakwambia habari yake. Pima kwa mzani wa sonara kama una jirani mwenye duka.

Manyoya umetumia nini? Wao wengi wanatumia ya kanga, wewe chukua ya bata mzinga wa kufugwa, matatu kwa mshale mmoja, na yote matatu yatoke bawa la upande mmoja, kulia yote au kushoto yote. Ukichanganya mshale unashindwa kuamua uzunguke wapi. Na kunyoosha: wakiupasha kwenye majivu ya moto wanaung'ata na meno sehemu iliyopinda wakiusukuma, wewe na karakana yako chonga kigogo chenye mfereji utumie hicho, meno yaache. Ukishautoa motoni ushikilie umenyooka mpaka upoe, ukiuachia wa moto unarudi ulivyokuwa.

FundiBabati

Manyoya ni ya jogoo, nimechanganya mabawa yote. Nabadilisha. Na nimepima sasa hivi mmoja, gramu 41, kumbe kuna nafasi ya kutosha ya kupunguza. Jumamosi napaa mmoja naleta majibu hapa hapa.

DadaPortsmouth

Fundi ukipaa huo mmoja upige kwanza bila manyoya kwa hatua nane au kumi hivi, gunia liwe karibu. Manyoya yanaficha ugonjwa wa mshale, bila manyoya utaona mkia umelalia wapi ulipochoma gunia. Kwa wewe wa mkono wa kulia, mkia ukielekea kulia bado mkakamavu, ukielekea kushoto umepaa kupita kiasi. Ukinyooka, hapo ndio unabandika manyoya, na wano hilo ndilo linakuwa kipimo cha mengine yote.